Magoti ya Gari la Fundi

Fundi alikuwa mwongo. Naanza na hilo kwa sababu msibani kwake watu walisimama mmoja mmoja wakasema marehemu alikuwa mtu wa kweli, na mimi nimekaa benchi la nyuma nauma ncha ya kanga nisicheke mbele ya jeneza. Mtu wa kweli, Fundi huyu huyu? Kwa mgambo wa soko alikuwa mzee hoi asiyeweza kubeba hata ndoo ya maji, kwa wajane wa stendi alikuwa bado ana miaka arobaini na kitu. Mchungaji akimpigia simu Jumapili anamwambia nipo njiani nakuja, na mimi jirani yake nasikia nyundo inalia kwenye fuawe, kile chuma cha kufulia vyuma. Alidanganya bila sababu, kama mtu anayepiga miayo. Ukimwuliza amekula nini anakwambia wali, kumbe amekula makande.

Ila kuhusu chuma hakudanganya. Hapo ndipo waliosimama msibani walipochanganya mambo, na mimi nataka niwanyooshee, maana nilikaa ukuta kwa ukuta na yule mtu kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu.

Duka langu ni la spea za pikipiki na baiskeli, hapa Katesh, upande wa Jorodom. Mimi mtu wa Mbulu, nimeolewa huku, nikafiwa huku, nikabaki. Gereji yake ilikuwa nyuma ya ukuta wangu. Aliniita Mama Duka, mimi nilimwita Fundi na kumpa shikamoo yake kila asubuhi, na yeye aliitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyeamshwa kwa nguvu. Ndani ya uzio wake vilikaa vitu viwili ambavyo huwezi kuviona pamoja kwingine: mashine ya umeme ya kuchomelea, na pembeni yake jiko la mkaa lenye mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Alivitumia vyote viwili na hakuona ajabu yoyote.

Kila alichokitengeneza alikigonga alama tatu ndogo kwa patasi. Jembe, kengele ya ng'ombe, bawaba ya mlango, eksele ya mkokoteni, vyote vina mikato mitatu. Nikamwuliza ya nini. Akasema, "Nikiulizwa nijibu."

Siku moja alikuja mama wa watu kutoka huko mlimani kuchukua jembe lake. Ameshalipia, ameshalishika, anaondoka. Fundi akamwita. "Mama, hilo lina ufa. Huuoni, lakini upo. Njoo kesho." Yule mama akakasirika, akasema kesho si siku ya kupanda, akadai chake akaenda kununua la dukani. Nikamwambia Fundi, wewe biashara itakushinda, mdomo wako unakula mkono wako. Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo baba yake alimwachia, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba chumvi: "Chuma kikikanwa na aliyekifua, kinavunjika."

Nilidhani ni methali tu. Alikuwa na methali nyingi, nusu yake ametunga mwenyewe. Kumbe hili aliliamini kama wengine tunavyoamini mvua inatoka juu.

Sasa, wageni lazima niwaambie jambo la wahunzi, wenyeji wanisamehe maana wanalijua. Wafugaji wa tambarare, wale walioshika mila, hawaoani na watu wa uhunzi. Hawali kwao, hawakai kwenye vigoda vyao. Mkuki watanunua, bangili watanunua, lakini wataomba kiwekwe chini, wakiokote wenyewe, na wengine wanakipaka samli kabla ya kukiingiza bomani. Si kwamba wanawadharau, ukiwauliza wenyewe watakataa kabisa neno hilo. Wanawaogopa. Wanasema mkono unaopiga chuma cha moto una joto lisilotoka, na likimfikia mtu dhaifu, mtoto au mzazi, linamchoma. Na mimi sitajifanya malaika. Sisi wa Mbulu nasi tuna yetu, bibi yangu alijua nyumba ambazo mtu haombi hata moto.

Mwaka ule tope liliposhuka kutoka mlimani, uzio wa Fundi uliondoka wote na nusu ya duka langu ikaenda nao. Yeye alichimba fuawe lake kwanza, kabla ya godoro. Kisha akawasha jiko juu ya tope lenyewe, akaanza kunyoosha mapauro na makoleo ya watu waliokuwa wanatafuta ndugu zao. Walikuja hata wale wa mila. Walisimama mbali, wakarusha koleo lililopinda, akalinyoosha, akaliweka chini, wakaliokota wakakimbia kuchimba. Nilikuwa nimechemsha chai kwenye sufuria lake, maana langu lilizikwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeinywa. Watu wamenyeshewa, wanatetemeka, wana maiti wa kutafuta, na chai ile ikapoa. Fundi aliniona nanuna, akasema, "Waache. Koleo wamechukua."

Hivyo ndivyo alivyokuwa, mwepesi wa kusamehe hadharani. Nyuma ya ukuta nilimsikia akilitukana fuawe.

Alikuwa na mkono wa birika, chakula chake hakionji mtu. Lakini ukileta mkokoteni na punda mwenye vidonda mgongoni, atautengeneza bure, halafu atakutukana wewe mwenye punda mpaka ujute kuzaliwa. Kofia ya sufu hakuivua hata juani. Alipenda kwaya na hakuingia kanisani. Kuhusu mke wake alizungumza mara moja tu kwa uwazi, na nilikuwa sijamwuliza. Tulikuwa tunaangalia mvua. Mke huyo alikuwa ameenda kwa ndugu zake njia ya Getanuwas, kule tambarare kwa wafugaji, akaanza kutokwa damu, na pikapu ya pekee iliyopita siku hiyo ilimtambua ni mke wa nani. Dereva akasema imejaa. Wakamleta na mkokoteni. "Mkokoteni niliutengeneza mimi," Fundi akasema. "Ulikuwa mzuri. Ila punda ni punda."

Baada ya hapo akarudi kwenye kazi, na mimi nikarudi dukani nikalia kidogo.

Basi ndiyo maana ya lile gari. Watu walidhani ni uzee unamchezea. Kule kwenye mashamba ya ngano kulikuwa na mzungu mmoja aliyeletewa gari dogo likiwa vipande vipande ndani ya masanduku, la kuungwa mwenyewe nyumbani, la kuchezea siku za mapumziko. Fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba nyepesi, viti viwili mbele na kibao nyuma. Aliliunga nusu, akaondoka nchini, kuku wakahamia ndani. Mlinzi wa shamba alimwambia Fundi achukue uchafu huo. Fundi akaja nalo likivutwa na ng'ombe, na mji mzima ukasimama kucheka.

Gari lile lilikuwa limetengenezwa kwa barabara ya lami. Tumbo lilikuwa chini kiasi kwamba hata tuta la stendi lingeligusa, sembuse njia ya Getanuwas yenye mawe na udongo mweusi unaovuta kama ulimbo. Ilibidi linyanyuliwe, na kunyanyua gari la namna hiyo mbele si kuweka springi kubwa tu. Kwenye gari lile kila gurudumu la mbele lina chuma chake kilichosimama. Mikono miwili inakishika, mmoja juu mmoja chini, gurudumu linazungukia hapo, na stelingi inakivuta kushoto na kulia. Fundi alikiita goti. Ukitaka gari lisimame juu, alisema, usilivishe viatu virefu, lipe magoti marefu.

Alipata magoti ya pikapu kuukuu ya Kijapani iliyofia huko mashambani. Yalikuwa marefu vizuri, lakini matundu ya boljointi, vile viungo vya kichwa cha mviringo, hayakukubaliana na mikono ya lile gari, na kile kipande kinachoshikwa na stelingi kilikaa juu mno. Ilibidi akate, asogeze, aunge upya. Mafundi wa pale stendi walimwambia usichomelee chuma cha kubeba gurudumu, kitakatika ukiwa mwendoni ufe. Walikuwa na haki, na yeye alijua wana haki. Kwa hiyo alifanya kwa njia yake. Aliweka kile chuma kwenye mkaa kwanza, mivukuto inapumua, mpaka kikawa na rangi ya nyanya inayoanza kuiva. Akachomelea kikiwa bado cha moto. Akimaliza hakukiacha juu ya meza. Alikifukia kwenye pipa la majivu ya mavi ya ng'ombe, akakifunika kama mgonjwa, kikalala humo mpaka kipoe chenyewe. Alisema chuma cha moto kikipigwa na upepo wa Katesh kinashtuka, kinapasuka ndani kwa ndani, na wewe nje unaona kizuri tu.

Kisha alikitundika kwa waya akakigonga na nyundo ndogo, ameinamisha sikio. Goti la kwanza lililia vizuri. La pili lililia, sauti ikakatika. Mimi sikusikia tofauti yoyote, na miezi ya kazi ilikuwa humo. Fundi alilishusha, akachukua nyundo kubwa, akalivunja mwenyewe vipande viwili. Akanionyesha ndani kijistari cheusi chembamba kama unywele. Akaanza upya.

Siku ya kulijaribu nilipanda mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali na kwa sababu nina kiherehere. Tulishika njia ya vumbi nje ya mji. Kila gurudumu la mbele lilipopanda jiwe, stelingi ilijigeuza yenyewe mikononi mwake, gari likataka kwenda linakotaka lenyewe. Tukaingia kwenye alizeti za mtu. Mwenye shamba akaja na panga, na Fundi, bila haya, akamwambia ni mimi niliyekuwa naendesha. Nilitaka nimnyonge. Ila yule mkulima alipouliza limekuwaje, Fundi akaacha uongo papo hapo akasema, "Goti limekosewa. Nimelikosea mimi." Akakaa chini katikati ya alizeti zilizovunjika, akatueleza sote wawili: kile kipande cha stelingi kilikuwa bado juu, kwa hiyo gurudumu likipanda, fimbo ya stelingi inalivuta. Tuliporudi gereji akakishusha. Alipima kwa uzi wenye jiwe na mpira wa maji kama wa waashi, akakishusha tena, mpaka gari likapanda jiwe kwa gurudumu moja na stelingi ikatulia kama kikombe mezani.

Magoti yale yakagongwa alama tatu kila moja, mbele, mahali pa kuonekana. Nikamwambia, Fundi, waonee huruma hao unaotaka kuwabeba, ziweke kwa ndani. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo.

Gari likawa zuri. Lilisimama juu, jembamba, la ajabu kidogo, lakini lilipita mahali pikapu zinapozama. Na halikupandwa. Watoto wa shule wa familia zetu za mlimani walipanda wakishangilia, ndiyo, lakini hao hakuwa amewatengenezea. Alikwenda ile njia ya Getanuwas na kurudi. Anakuta mama na mzigo kichwani, mvua inanyesha, anasimama. Mama anashukuru vizuri sana, anasema nimefika, na mbele kuna nyika tupu hadi upeo wa macho. Fundi anasema haya, mama, anaondoa gari. Jioni namwuliza umebeba nani leo. "Wengi," anasema.

Nilikuwa na mteja wangu mmoja wa bodaboda, Paulo, kijana wa kule kule, amebatizwa, lakini anakaa bomani kwa baba yake. Mke wake Martina alikuwa anakuja naye dukani amebebwa nyuma, anachagua rangi ya kava la kiti. Msichana wa maneno machache, mcheshi kwa macho. Alikuwa na mimba ya kwanza.

Masika yalipokolea Paulo akanipigia asubuhi. "Mama, shikamoo. Tuma gari. Martina ana uchungu tangu jana, mtoto hatoki. Pikipiki haipiti."

"Gari gani, mwanangu?"

"La Fundi."

"Baba yako anajua?"

Nikasikia mwanamke analalamika nyuma yake. "Njooni tu, mama," akasema.

Fundi hakuuliza chochote. Tulipakia blanketi na turubai, tukaondoka. Njia ilikuwa supu. Tulipita trekta mbili za watu zimezama zimeachwa. Kwenye korongo maji yalifika kwenye mikono ya yale magoti, gari likayumba, likashika, likatoka. Nilimtazama Fundi na nikaona, Mungu anisamehe, kwamba amefurahi. Hakuwa anatabasamu, ila alikuwa amekaa wima kama bwana harusi.

Baba yake Paulo alikuwa amesimama kwenye mlango wa boma, fimbo mkononi, shuka limelowa. Nikamwamkia, akaitikia kwa heshima. Fundi akabaki kando ya gari, mbali, kama anavyotakiwa.

"Asanteni kwa kuja," mzee akasema. "Lakini haiwezekani."

Nikamwambia, mzee, mkweo anakufa. Akasema anajua. Akasema nisidhani hana huruma. Dada yake mwenyewe alizaa, kitovu kikakatwa na kisu kilichotoka moja kwa moja kwa mhunzi, mtoto hakumaliza wiki, na yeye ndiye aliyemzika. Aliyasema hayo macho mekundu. Nikasema basi lipake samli, mzee, kama mnavyopaka mikuki, paka gari zima. Akatikisa kichwa. "Samli ni ya chuma cha mkononi, mama. Mwanamke anayezaa amefunguka. Hana ngozi."

Hapo nikadanganya. Nilidanganya kwa moyo wote, na mpaka leo sioni dhambi yake. Nikasema, "Gari ni langu. Nimelinunua kwa mzungu wa shambani, limetoka kiwandani kwao. Huyu mhunzi alinionyesha njia tu. Atabaki hapa hapa, Paulo ataendesha."

Paulo akadaka mara moja, akasema ndiyo baba, ni la Mama Duka, mji mzima unajua. Niliona mzee anataka kuamini, na nawaambia hilo kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake: alitaka. Akalizunguka gari. Akainama mbele, akatazama magurudumu. Kisha akapaza sauti kuelekea kwa Fundi, bila kumkaribia. "Wewe. Hivi vyuma vya mbele vimefuliwa na nani?"

Yule mwongo. Yule aliyemdanganya mgambo, mchungaji na mwenye alizeti, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameniambia amekunywa chai na maziwa na hakuwa na maziwa. Neno moja tu lilitakiwa, kiwandani. Nilimkazia macho mpaka yakaniuma.

Fundi akasema, "Ni mimi."

Mzee akaweka fimbo mlangoni, akaziba.

Paulo alipiga magoti, akamshika baba yake miguu, haikusaidia. Ikabidi apige simu kwa watu wa trekta la mashamba ya ngano, na trekta likafika mchana umeshaenda. Wanawake walimtoa Martina wamemlaza kwenye ngozi juu ya kitanda, wakampandisha kwenye tela la chuma. Alipopita karibu yangu alinitambua. Akatazama gari, akaniuliza taratibu, "Mama, si lile lina viti?"

Nikasema ndiyo, mwanangu.

Trekta likaondoka, tela linaruka kila shimo, na Fundi akawasha gari akafuata nyuma. Nikapanda. Alikaa umbali ambao wakigeuka watatuona. Kila trekta liliposimama, naye alisimama, akashuka, akafungua mlango wa abiria, akangoja. Trekta likiondoka anaufunga, anafuata. Viti vimekauka, blanketi limekunjwa. Tulikwenda hivyo njia yote, tunasikia sauti ya Martina kwenye tela, na baadaye hatuisikii. Karibu na lami trekta likasimama, wanawake wakapiga yowe. Fundi akazima gari. Akavua ile kofia ya sufu, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba nywele zake zilikuwa nyeupe zote.

Mtoto naye hakupona.

Nilimwambia umemuua. Nilimwambia pale pale kando ya lami, kwa sauti, na sijawahi kulirudisha neno hilo. Yule mzee kamuua kwa fimbo yake na wewe kwa mdomo wako, mmesaidiana. Fundi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ningelikana goti, Mama Duka, lingekatika. Korongoni, yeye yumo ndani."

"Lisingekatika."

"Lingekatika."

Alisema hivyo na mimi nikamtazama usoni, nikitafuta kiburi, kwa sababu kiburi ningejua namna ya kukichukia. Sikukiona. Aliogopa kwa ajili ya Martina. Wanaume wawili walisimama pande mbili za mlango mmoja, kila mmoja anamlinda yule msichana dhidi ya chuma, na katikati yao msichana akafa. Nikikumbuka hasira inanipanda mpaka leo, na sijui nimpelekee nani.

Paulo aliuza pikipiki akaenda Arusha, hajarudi. Mimi na Fundi tulikaa muda mrefu bila salamu. Ukuta mmoja, nyundo inalia upande wake, redio inalia upande wangu. Ni yeye aliyeanza. Alikuja mlangoni siku moja akasema amekula wali, nikajua amekula makande, nikamwambia kaa.

Halafu kuna siku ile ya kiangazi, ambayo naikumbuka kuliko msiba wake wenyewe. Nilikuwa nafagia mbele ya duka, upepo unanirudishia vumbi. Nikaona lile gari linakuja kutoka njia ya Getanuwas, taratibu sana, na kwenye kiti cha abiria kuna mtu. Nikaacha ufagio. Miaka yote ile alikuwa akilingoja jambo hilo, na nilikuwa nalingoja naye.

Gari likasimama. Alikuwa baba yake Paulo. Amekaa upande, amewekewa blanketi chini ya nyonga, mguu mmoja umefungwa kwa vijiti. Alikuwa ameanguka zizini. Amekonda, mashavu yameingia ndani.

Huku kwetu mtu hapiti mbele ya mzee bila shikamoo, hata kama mmegombana, hata kama amekuibia ng'ombe. Nilisimama pale na sikumwamkia. Nilifunga mdomo makusudi, na watu wa duka la pili wakaona. Mzee akangoja. Kisha yeye, mzee, akaanza: "Habari za duka, mama."

"Nzuri," nikasema.

Fundi alikuwa ameshuka kuangalia gurudumu. Alikuwa anakohoa tayari kile kikohozi kilichokuja kumchukua, ingawa kwa maneno yake alikuwa mzima kabisa. Nikamvuta nyuma ya gari.

"Alikuita mwenyewe?"

"Alimtuma mtu."

"Ameuliza magoti kafua nani?"

"Anajua."

"Na ameingia."

"Nimembeba mimi, kwa mikono. Hawezi kukanyaga."

Nikamtazama yule mzee kwa nyuma, shingo yake nyembamba imeegemea kiti. Nilitaka awe amesema kitu. Ameomba msamaha, amelia, amemtaja Martina hata kwa bahati mbaya. "Njia nzima hiyo," nikasema, "amekwambia nini?"

Fundi akafikiri, kwa sababu ilikuwa habari ya gari lake na hakutaka kukosea.

"Kaniambia niende polepole, mfupa unamuuma."

Nikangoja aendelee.

"Basi nakwenda polepole," akasema, akarudi kwenye stelingi. Wakaondoka kuelekea hospitali. Kwenye matuta ya stendi magurudumu ya mbele yalipanda na kushuka, moja moja, na mzee hakutikisika.